Kuna mtu alipona

Mtoto alikuwa na uvimbe mwekundu puani, ule wa mishipa ya damu ambao watoto wengine wanaota wiki chache baada ya kuzaliwa, kitaalamu hemanjioma. Madaktari pale Bordeaux, Ufaransa, walikuwa wanampa steroidi maana ndo dawa iliyotumika miaka yote, mara moyo nao ukaanza shida, misuli yake ikanenepa mpaka inabana njia ya damu kutoka. Wakamwanzishia propranololi, dawa ya zamani ya moyo na presha. Ilikuwa ya moyo tu. Pua haikuwa kwenye mpango kabisa.

Kesho yake uvimbe ulikuwa umebadilika rangi.

Ule wekundu mkali umegeuka zambarau, na ukiugusa ni laini. Hapa ndo huwa nasimama kila nikisoma hii kesi, kwa sababu ilikuwa rahisi sana kusema aah, steroidi hatimaye imeshika, wakaandika kwenye faili na maisha yakaendelea. Hawakusema hivyo. Steroidi wakaipunguza taratibu na uvimbe ukazidi kusinyaa. Akaja mtoto wa pili, huyu uvimbe umemtambaa usoni mpaka jicho halifunguki, na moyo wake nao unahangaika kusukuma damu nyingi kupita kiasi, wakampa dawa ileile na siku ya 7 akafungua jicho mwenyewe. Wakawapa watoto wengine 9. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wakaandika barua fupi kwenye jarida la kitabibu, New England Journal of Medicine, na leo mtoto mwenye hemanjioma ya kutisha, hiyo ndo dawa anayoanzishiwa.

Dawa ya moyo, kwenye pua ya mtoto mmoja.

## Voisi iliyofowadiwa

Kwa nini nawasimulia hii. Rafiki yangu anamuuguza mama yake, kansa ya ini. Juzi kati akanifowadia voisi note, mwanamke anaongea kwa utulivu tu, anasema shemeji yake alikuwa na kansa hiyohiyo, hospitali walishamrudisha nyumbani akasubiri siku zake, akatumia unga fulani asubuhi na jioni na sasa hivi anatembea, anakula, amenenepa. Chini yake rafiki yangu ameandika: "We unasomaga haya mambo, niambie ukweli. Kuna mtu alipona."

Nikaanza kuandika lile jibu ambalo watu wa aina yangu tunalo mfukoni muda wote, kwamba mtu mmoja siyo ushahidi.

Nikasita kabla ya kutuma.

Maana nani anapenda stori za mtu mmoja kuliko mimi? Nazisoma usiku badala ya kulala, kesi za moyo, za ubongo, za ngozi, zile ripoti fupi ambazo daktari anaandika kwa sababu ameona kitu hajawahi kukiona. Bordeaux ilianza na mtoto mmoja. Sasa ningemwambia nini, kwamba mtu mmoja akiwa kwenye jarida anatosha ila akiwa kwenye voisi hatoshi? Hiyo siyo sababu, hayo ni madaraka tu, na mtu mwenye mama mgonjwa ndani ana haki ya kupewa sababu.

Hilo ndo limenikaa kichwani wiki zote hizi.

## Bila dawa ingekuwaje?

Kitu cha kwanza nilichorudia kukisoma ni hemanjioma yenyewe, kwa sababu ina tabia moja inayochanganya sana: huwa inapungua yenyewe. Inakua haraka miezi ya mwanzo, halafu inaanza kusinyaa pole pole kwa miaka. Kwa hiyo mzazi akikwambia alimpaka mwanae kitu fulani na mtoto alivyofika miaka minne uvimbe ukawa umeisha, anasema kweli kabisa na bado hajakwambia chochote kuhusu alichompaka. Wa Bordeaux ni tofauti kwa sababu ya kasi. Hemanjioma iliyo kwenye miezi yake ya kukua haibadiliki rangi kwa siku moja bila kitu kuisukuma. Na hata hivyo hawakuishia kwa watoto 11, miaka ikapita, ukafanyika utafiti wa watoto 460, wengine wakapewa dawa yenyewe na wengine ya bandia, yaani inayofanana nayo ila haina dawa ndani, majibu yakatoka mwaka 2015: waliopewa dozi kubwa kwa miezi 6, uvimbe uliisha kabisa au karibu kabisa kwa asilimia 60, waliopewa ya bandia asilimia 4.

Angalia hiyo 4. Hao nao wazazi wao wangeweza kurekodi voisi.

Halafu kuna Boston. Miaka ya mwisho ya sitini madaktari pale wanaanza kuona wasichana wenye kansa ya uke ya aina ambayo kwa umri wao ilikuwa haionekani karibu kabisa. Walikuwa 8 tu, wa miaka 15 mpaka 22. Mama wa mmoja wao ndo aliyeuliza kama ile dawa aliyomeza akiwa na mimba ya huyu binti inaweza kuhusika, dawa inaitwa diethilistilbestroli, DES kwa kifupi, walikuwa wanapewa wajawazito ili mimba isitoke. Arthur Herbst na wenzake wakarudi kwa kina mama wengine. Kati ya 8, kina mama 7 waliinywa. Wakatafuta na kina mama 32 ambao mabinti zao walizaliwa kipindi kilekile na hawana ugonjwa, hakuna hata mmoja aliyeinywa. Walichapisha Aprili 1971, na Novemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikawaonya madaktari wasiwape wajawazito.

Wanane tu, na wakatosha! Walitosha kwa sababu bila hiyo dawa idadi ya kutegemea kwenye hospitali zile ilikuwa kama sifuri, na kwa sababu kuna mtu alienda kuwauliza na wale ambao hawakuugua.

Kinachoniuma zaidi kwenye hii ya DES ni kwamba utafiti mkubwa ulikuwepo zamani. Mwaka 1953 Chuo Kikuu cha Chicago kilishawagawa wajawazito kama 1,600 hivi, wengine DES wengine ya bandia, na dawa haikuzuia mimba kutoka. Ikaendelea kuandikwa karibu miaka 20 baada ya hapo. Yaani data kubwa ilikaa mezani na haikusikilizwa, wakaja kusikilizwa mabinti wanane waliokwisha kuumia.

## Msichana wa Wisconsin

Mpaka hapo nilidhani nimepata jibu la kumpa rafiki yangu: kama bila dawa matokeo yanajulikana kwa uhakika, basi mtu mmoja akienda kinyume na hayo matokeo, tumsikilize.

Ndo nikakumbuka kichaa cha mbwa.

Hakuna ugonjwa ambao matokeo yake yanajulikana kuliko huu. Ukishaanza dalili, kuogopa maji, kuchanganyikiwa, ni kifo, walio hai duniani ni wa kuhesabu na wengi wao walishapata chanjo kabla dalili hazijaanza. Mwaka 2004 msichana wa miaka 15 jimbo la Wisconsin, Marekani, akang'atwa na popo, kidonda kidogo tu, hakuchanjwa. Kama mwezi hivi baadaye akaanza dalili. Daktari wake, Rodney Willoughby, akaamua kitu ambacho hakijawahi kufanywa, akamlaza koma kwa dawa ili ubongo upumzike wakati mwili unatengeneza kinga, akamwongezea na dawa za virusi. Akapona. Akafundishwa upya kutembea na kuongea, akatoka hospitali, akaendelea na shule.

Kama kuna kesi moja inayostahili kuaminiwa papo hapo, ni hii. Na dunia iliiamini, tiba ikapewa jina la mji alikotibiwa, Milwaukee, madaktari nchi mbalimbali wakaijaribu kwa wagonjwa wao.

Wengi mno walikufa.

Ilijaribiwa ikabadilishwa ikajaribiwa tena, na leo wataalamu wengi wa kichaa cha mbwa wanashauri iachwe. Nilikaa na hii kwa muda mrefu kuliko zote. Msichana alipona kweli, hakuna anayebisha. Ila nini kilimponyesha? Siku anafikishwa hospitali mwili wake tayari ulikuwa na kinga dhidi ya virusi, kabla ya koma, kabla ya chochote. Labda ni kinga yake mwenyewe, labda virusi vya yule popo vilikuwa dhaifu, labda ni uuguzi wa kiwango kile cha ICU, au koma yenyewe ilisaidia kidogo. Vyote vilitokea kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, huwezi kuvitenganisha hata ufanyeje.

Kwa hiyo kujua kwamba amepona ni swali moja, na kujua kilichomponyesha ni swali jingine kabisa, na la pili mgonjwa mmoja karibu hawezi kulijibu peke yake. Huyu wa Bordeaux alikaribia kulijibu kwa sababu walipunguza steroidi wakaacha ile nyingine, yaani walifanya kitu cha kutenganisha.

Na niseme tu kwa sababu siwezi kuandika kuhusu huu ugonjwa nikapita: chanjo baada ya kung'atwa, kabla ya dalili, inaokoa karibu kila mtu anayeipata kwa wakati. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, nenda siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa.

## Sita waliotolewa

Machi 2020, kila mtu anakumbuka hali ilivyokuwa. Kundi la watafiti wa Marseille, Ufaransa, likatoa utafiti wa wagonjwa 36 wa korona, 20 walipewa haidroksiklorokwini, dawa ya zamani ya malaria, na 16 hawakupewa, na majibu yakasema waliopewa virusi vinaisha puani haraka. Siku chache tu dunia nzima inaitafuta hiyo dawa, mpaka watu wenye ugonjwa wa lupasi wanaoitegemea kila siku wakaanza kuikosa.

Ukiisoma ile ripoti yenyewe, kuna sehemu ndogo ambayo macho yanaweza kuiruka. Waliopewa dawa walianza 26. Sita hawakuhesabiwa mwishoni. Watatu walihamishiwa ICU. Mmoja alifariki. Mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu, mmoja akaondoka hospitali.

Upande ambao haukupewa dawa hakuna aliyeenda ICU wala aliyekufa.

Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulipokuja kutoa majibu, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 4,700 kwa hiyo dawa peke yake, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 27 kwa waliopewa na asilimia 25 kwa ambao hawakupewa. Ile ripoti ya Marseille ilifutwa Desemba 2024, karibu miaka mitano baadaye.

Hawa sita ndo walionipa jibu nililokuwa nalitafuta, siyo RECOVERY. Kwa sababu stori ya "kuna mtu alipona" mara nyingi ni ya kweli, sina sababu ya kumwita yule mama wa kwenye voisi muongo. Kinachokosekana ni wale waliokunywa unga uleule, asubuhi na jioni, kwa imani ileile, na hawapo tena wa kusimulia. Ndugu zao nao hawatumi voisi, watatuma kusema nini?

## Nikampigia

Sikuandika, nilimpigia kabisa. Nikamweleza kuhusu Bordeaux na msichana wa Wisconsin na wale sita, sijui kama nilieleza vizuri, alikaa kimya muda mrefu halafu akasema, "Sawa nimekuelewa. Kwa hiyo niache? Mama mwenyewe ndo anautaka."

Hilo swali sikulitegemea na ni gumu kuliko yote ya juu. Nilikuwa nimejiandaa kuongelea ushahidi, yeye anaongelea mama yake ambaye kwa mara ya kwanza baada ya muda ameomba kitu. Nikamwambia kitu kimoja tu ninachokijua vizuri, kwamba ini ndo linachakata dawa nyingi mnazompa, linaumwa, na ndani ya ule unga hamjui kuna nini, kwa hiyo kabla hajaonja hata kijiko beba kopo lenyewe umpelekee daktari wake, usimfiche, na usiende kuomba ruhusa, nenda kauliza unagongana na dawa zake au la.

Alilibeba. Daktari hakumgombeza, alilisoma kopo akakuta halijaandikwa viungo, akasema kwa hali ya vipimo vya ini vilivyo wiki hii angeomba wasimpe. Halafu akavuta kiti akakaa akaanza kuongea na mama mwenyewe, kwamba kitu gani kinakusumbua zaidi sasa hivi. Ikaonekana ni kuwashwa mwili usiku, halali. Kumbe muda wote huo hakumwambia mtu. Akaandikiwa dawa ya hiyo.

## Mtu mmoja anaweza nini basi

Sitaki mtu amalize hapa akidhani mgonjwa mmoja ni wa kupuuzwa, maana kuna swali moja ambalo mtu mmoja analijibu kuliko elfu kumi: hivi hiki kitu kinawezekana au hakiwezekani?

Henry Molaison alikuwa na kifafa kibaya. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kifafa kikapungua sana, na yeye hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya, ukitoka chumbani ukarudi unajitambulisha upya. Brenda Milner, aliyekuwa anasafiri kutoka Montreal kumpima, akampa kazi ya kuchora nyota kwa kufuata mistari huku anauona mkono wake kwenye kioo tu. Ni ngumu, jaribu, mkono unaenda kinyume kila kona. Siku ya kwanza makosa mengi. Siku ya pili machache. Siku ya tatu anachora vizuri, na hakumbuki kabisa kwamba amewahi kuiona ile karatasi. Mkono umejifunza na mwenye mkono hana habari. Hapo haikuhitajika sampuli kubwa, mtu mmoja ameonyesha kwamba ubongo una kumbukumbu za aina zaidi ya moja, imekwisha. Na Scoville mwenyewe alijitokeza kuwaonya madaktari wenzake wasiirudie ile oparesheni. Madhara pia, yakiwa makubwa na ya wazi hivyo, mtu mmoja anatosha kuyasema.

Nyingine ni ya kolestro. Mwaka 2003 watafiti Ufaransa waligundua familia ambazo jeni inaitwa PCSK9 imekuwa kali kupita kiasi, kolestro mbaya inapanda sana na watu wanapata shida ya moyo wakiwa wadogo. Kule Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakageuza swali, je wapo ambao hii jeni kwao haifanyi kazi? Walipatikana, na kati ya watu maelfu waliofuatiliwa miaka 15, Wamarekani weusi waliorithi nakala moja mbovu walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Ila kampuni za dawa zilikuwa na hofu ya msingi, ukiizima kabisa jeni mtu ataishi? Mwili unahitaji kolestro.

Akaonekana mwanamke mmoja Marekani ambaye nakala zote mbili hazifanyi kazi, LDL yake, yaani ile kolestro mbaya, ni 14, wakati kwa watu wengi inazidi 100, na ni mzima, ana uwezo wa kuzaa. Halafu 2007 akaripotiwa wa pili, mwanamke wa miaka 21 Zimbabwe, LDL 15, mzima wa afya. Wawili tu, na hofu ile ikapungua. Kama dawa ya kuzima PCSK9 inasaidia mioyo ya watu wengine, hilo wasingeweza kulijibu hata wangekuwa na afya kiasi gani, kwa hilo ilibidi wakusanywe wagonjwa 27,564 kwenye utafiti uliotoka 2017.

Hao wanawake wawili siwaiti miujiza, na huwa nawafikiria sana, hasa wa Zimbabwe. Dawa za kuzima PCSK9 ziliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa bei ya zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, miaka michache baadaye ikashushwa kwa zaidi ya nusu, na bado hata hiyo nusu ni hela ambayo wagonjwa wengi wa moyo hawataishika. Yule wa Zimbabwe alitoa damu ikasaidia kuonyesha kwamba binadamu anaweza kuishi hivyo. Natamani siku moja nisome ripoti ambayo mwandishi anasema mgonjwa wake, au ndugu yake, au jirani yake, aliipata dawa yenyewe.